Bunduki ya Upepo, Kutoka Ndegeni hadi Diani

Bunduki ya upepo hurusha risasi ndogo, aghalabu ya kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5, kwa nguvu ya hewa au gesi badala ya baruti. Ziko za namna tatu. Ya springi hukokiwa kwa kukunja mtutu au kuvuta wenzo. Kifyatuo kikibanwa, springi huisukuma pistoni, nayo pistoni huigandamiza hewa nyuma ya risasi. Ya gesi hutumia vichupa vya kaboni dayoksaidi, vilivyozoeleka vikiwa vya gramu 12, vinavyotupwa vikiisha. Ya tatu, ambayo ndiyo ghali na ndiyo inayopendwa na walenga shabaha, ina mtungi wake uliojazwa hewa kabla, mara nyingi kwa bar 200 au zaidi, ilhali tairi ya gari dogo hubeba bar 2 na kidogo.

Nchi hazikubaliani kuhusu chombo hiki. Ujerumani, mtu mwenye umri wa miaka 18 huinunua dukani bila cheti mradi nguvu yake isizidi jouli 7.5 na iwe imegongwa herufi F ndani ya pembetano. England, bunduki ndefu isiyozidi jouli 16 na ushei haihitaji cheti, lakini Scotland imedai cheti tangu 31 Desemba 2016. Marekani, sheria ya shirikisho haiihesabu kuwa bunduki kabisa. Pwani ya kusini ya Kenya ina wakazi na wageni wengi waliozoea nchi hizo, pamoja na wenyeji wa Kwale walioishi ng'ambo miaka mingi na sasa wanajenga Diani, Galu au Msambweni. Kitu walichokiona huko kikiuzwa rafu moja na nyavu za kuvulia samaki hufika Mombasa kikawa silaha.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Sauti zilizokusanywa hapa si za watu fulani. Ni hoja zinazotolewa kila jambo hili linapozuka kati ya Ukunda na Msambweni: mwenye nyumba aliyestaafu kutoka ng'ambo, wakala wa forodha wa Mombasa, polisi mstaafu, mlenga shabaha, mhifadhi wa wanyama na mkulima.

Ni bunduki au si bunduki

Mwenye nyumba ndiye hutangulia, kwa kuwa ndiye mwenye haja. "Mimi sileti vita," husema. "Haina baruti, haina kishindo, na huko nilikokaa miaka 30 nilikuwa nikiiweka nyuma ya mlango kama mwavuli. Vipi leo niitwe mwenye silaha?"

Wakala wa forodha, mama aliyepitisha mizigo mingi ya waliorudi nyumbani, humjibu kwa sheria. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, inaeleza bunduki kuwa silaha yenye mtutu iwezayo kuua, ambayo hutoa risasi au kitu chochote kirushwacho. Tafsiri hiyo haijali kinachosukuma ni baruti au hewa. Maneno yake yana asili ya Kiingereza, yakifanana na ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1937, na huko huko mahakama iliamua mwaka 1960, katika kesi ya Moore na Gooderham, kwamba bunduki ya upepo yaweza kuwa silaha ya kuua ikiwa jeraha lake laweza kuleta kifo, hata kama haikutengenezwa kwa nia hiyo. Risasi ya milimita 4.5 ikiingia jichoni kwa mtoto, hakuna atakayeuliza kama ilisukumwa na hewa.

Mwenye nyumba hana budi kukubali hilo, ila ana hoja nyingine, na hii ni nzito zaidi. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2000, imeweka mpaka wa kipenyo na nguvu: chombo cha hewa chenye kipenyo cha chini ya milimita 5.6, au nguvu ya chini ya jouli 8, kinahesabiwa kando na bunduki. Kenya haikuweka mpaka wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo bastola ya kupigia kopo bustanini na bunduki ya mtungi iwezayo kumwangusha ngiri zimo katika sentensi moja, na mwenye bastola ya kopo hubeba mzigo wa mwenye bunduki ya ngiri. Katika mjadala huu wote, hapo ndipo upande wa wamiliki una haki kuliko mahali pengine popote, na ni ajabu kwamba wengi wao hawaitaji hoja hiyo. Hushikilia tu kwamba "si bunduki", neno ambalo haliwafikishi popote.

Polisi mstaafu halizungumzii suala la jouli. Yeye hukumbusha usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi waliokuwa wamejikusanya katika misitu ya Kwale, eneo la Kaya Bombo, walipokishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuondoka na bunduki za serikali. Machafuko yaliyofuata yaliwafukuza maelfu ya watu makwao, na yakachunguzwa baadaye na Tume ya Akiwumi. "Tangu siku ile," husema, "mtutu ukionekana upande huu wa kivuko, hakuna anayesubiri kuuliza ni wa upepo au wa nini." Mwenye nyumba humjibu, "Afande, hayo ya 1997 hayakufanywa kwa bunduki za upepo." Ni kweli. Lakini bastola nyingi za upepo hutengenezwa zifanane kabisa na bastola halisi, hadi uzito na rangi, na aliyeelekezewa moja usiku barabarani hana nafasi ya kusoma alama ya kiwanda. Kwa bastola, hoja ya afande ina uzito. Kwa bunduki ndefu ya springi, ambayo ni ngumu kuificha na hukokiwa kwa nguvu baada ya kila risasi, inapungua sana.

Ndani ya ndege

Shirika la ndege halijishughulishi na mabishano hayo. Maswali yake ni mengine: je, kitu hiki chaweza kupasuka, kulipuka, au kumtisha mtu ndani ya ndege? Majibu yake yanatokana na kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na kanuni za bidhaa hatari zinazotolewa kila mwaka na chama cha mashirika ya ndege, IATA.

La kwanza halina mjadala. Bunduki ya upepo haiingii na abiria ndani ya ndege, iwe ya springi, ya gesi au ya mtungi, na hata mfano wake wa kuchezea huzuiwa. Husafiri katika mizigo inayowekwa chini, ikiwa tupu, ndani ya sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, baada ya shirika kuarifiwa mapema na kukubali. Kukubali si wajibu wa shirika. Mengine hukataa silaha za kila namna, na abiria aliyelipia tiketi kabla ya kuuliza hubaki na sanduku lake kaunta.

Mlenga shabaha ndiye mjuzi wa sehemu hii, kwa kuwa husafiri na bunduki yake kwenda mashindanoni, na maelezo yake yanafaa kufuatwa kwa utulivu kwa sababu hatari kubwa si risasi kama watu wanavyodhani. Ni gesi. Bunduki ya springi isiyokokiwa haina mgandamizo wowote ndani yake, kwa hiyo ndiyo rahisi kusafirisha. Ya mtungi ni kinyume. Mtungi uliojaa bar 200 ni chombo cha shinikizo kama mtungi wa mzamiaji, na kanuni zinadai utolewe hewa yote. Walio makini huufungua kutoka kwenye bunduki, huacha tundu lake wazi ili mkaguzi aone ndani kwa macho yake, na hubeba pampu ya mkono au adapta ya kujazia huko waendako. Mtungi usio na hewa ni kipande cha chuma au alumini tu. Lakini mkaguzi hana namna ya kujua ni mtupu ikiwa umefungwa, na hapo ndipo safari nyingi hukwama.

Vichupa vya kaboni dayoksaidi vina kanuni yao. Kwa idhini ya shirika, abiria anaweza kuruhusiwa vichupa vidogo visivyozidi vinne, kila kimoja kikiwa na ujazo usiozidi mililita 50, kipimo ambacho kwa gesi hiyo ni gramu 28 hivi. Anayepakia boksi zima la vichupa 25 vya gramu 12, akidhani ni vidogo mno kuhesabika, atavikuta vimetolewa na sanduku limefungwa upya kwa utepe wa ukaguzi.

Risasi zenyewe ndizo hushangaza makarani. Kwa bunduki ya baruti, abiria huruhusiwa hadi kilo 5 za risasi za matumizi yake, kwa masharti, kwa kuwa zina kilipuzi. Risasi ya bunduki ya upepo ni kipande cha madini ya risasi peke yake, haina kilipuzi, haimo katika kundi hilo la bidhaa hatari. Kopo la risasi 500 za milimita 4.5 lina uzito wa robo kilo hivi. Hata hivyo karani aliyeambiwa "risasi" huchukua kanuni ya risasi za baruti, na kubishana naye dakika 40 kabla ya ndege kuondoka hakujamfaidi mtu. Mlenga shabaha huchapa barua ya shirika iliyomruhusu na kuiweka juu kabisa ya sanduku.

"Na kama ndege yapitia Dubai?" mkulima huuliza, akiwa na mwanawe huko. Swali lake ni zuri kuliko anavyojua. Safari nyingi za kuja Mombasa hubadilishia ndege Dubai, Doha, Addis Ababa, Istanbul au Nairobi. Silaha inayopita tu, bila kutoka uwanjani, bado imo katika ardhi ya nchi nyingine, na baadhi ya nchi hizo hudai kibali cha kupitisha. Mzigo uliobandikwa lebo hadi Mombasa hauondoi sharti hilo.

Mezani kwa forodha

Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Moi, Mombasa, ndio mlango wa pwani ya kusini. Abiria aliye na kitu cha kutangaza hujaza fomu F88 na kupita njia nyekundu. Mwenye bunduki ya upepo ni wa njia nyekundu, hata kama ilimgharimu kidogo, hata kama ni zawadi, hata kama imetumika miaka 20.

Sababu iko katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Jedwali lake la pili lina sehemu mbili: bidhaa zilizopigwa marufuku, na bidhaa zenye masharti. Silaha na risasi za Sura ya 93 ya orodha ya kimataifa ya bidhaa zimo katika sehemu ya masharti. Ndani ya Sura hiyo, bunduki na bastola za springi, hewa au gesi zimetajwa waziwazi katika kichwa 9304, na risasi zake katika 9306. Kwa forodha, basi, lile swali la "ni bunduki au si bunduki" halipo. Orodha imeshalijibu.

Kuwa na masharti maana yake bidhaa inaweza kuingia, lakini kibali kitangulie. Mwenye nyumba hulichanganya jambo hili na lingine. "Nitalipa ushuru," husema, akipapasa pochi. Wakala humwambia, "Mzee wangu, ushuru haununui kibali. Ukiwa na kibali utalipa ushuru. Usipokuwa nacho, hata ushuru wenyewe hatutaupokea."

Hesabu ya ushuru si ngumu. Tuseme bunduki ya springi, pamoja na nauli na bima, ina thamani ya shilingi 40,000. Ushuru wa forodha wa pamoja wa Jumuiya kwa Sura hii ni asilimia 25, yaani 10,000. Kodi ya VAT, asilimia 16, hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya 50,000, nayo ni 8,000. Ada ya tangazo la uagizaji ya asilimia 2.5 ni 1,000, na tozo ya maendeleo ya reli, iliyopandishwa hadi asilimia 2 mwishoni mwa 2024, ni 800. Jumla ni shilingi 19,800, karibu nusu ya bei, kabla ya malipo ya wakala na gharama za kuhifadhi mzigo. Tozo hizi mbili za mwisho zimebadilishwa mara kadhaa katika miaka michache, kwa hiyo hesabu ya mwaka mmoja haifai kuchukuliwa kuwa ya mwaka ujao.

Anayejaribu kupita njia ya kijani hujiingiza katika kifungu cha 200 cha sheria hiyo, kinachoadhibu uingizaji wa bidhaa zenye masharti bila kuyatimiza: kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Hiyo ni ya forodha peke yake. Kuwa na bunduki bila cheti ni kosa jingine, chini ya Sura ya 114, nalo lina kifungo chake. Mashine ya ukaguzi huonyesha mtutu wa chuma hata ukiwa umeviringishwa katika suruali za jinzi, na kwa sehemu hii ya ulinzi Moi si uwanja wa kujaribia bahati.

Kuna hila tatu zinazosikika mara kwa mara. Ya kwanza ni kuituma kwa kifurushi cha kampuni ya usafirishaji. Kifurushi hupita forodha ile ile, tofauti ni kwamba mwenyewe hayupo kujieleza. Ya pili ni kuivunja vipande, mtutu katika sanduku hili, kitako katika lile. Vipande vya silaha vina kichwa chake katika Sura ya 93, na aliyeitenganisha amejipa sura ya mtu anayeficha. Ya tatu ni kupitia Tanga, kwa barabara ya Horohoro na Lunga Lunga. Hii huvutia watu wa Msambweni kwa kuwa mpaka uko karibu. Lakini Umoja wa Forodha, ulioanza 2005, umefanya sheria ya forodha iwe moja pande zote mbili za mpaka huo, na Tanzania ina sheria yake ya kudhibiti silaha ya mwaka 2015. Aliyefanya hivyo atakuwa ameongeza nchi moja na sheria zake, wala hajapunguza kitu.

Kibali hutangulia

Mamlaka inayotoa vyeti na vibali Kenya ni Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, iliyowekwa kwa marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwataka wenye vyeti wote wajitokeze wahakikiwe upya na kuingizwa katika kumbukumbu za kielektroniki. Bodi haiulizi kuhusu gesi, kama shirika la ndege, wala thamani, kama forodha. Huuliza mwombaji ni nani, ana rekodi gani, ataihifadhi wapi, na anaitaka kwa sababu gani.

Swali hilo la mwisho ndilo ufunguo wa safari nzima, na ndilo watu huliacha mwisho. Mpangilio uliozoeleka ni huu: mtu hununua bunduki, hukata tiketi, hupakia, hufika Mombasa, kisha huanza kutafuta kibali akiwa amesimama mezani. Mpangilio unaofanya kazi unakwenda kinyume: kwanza sababu, halafu cheti na kibali cha kuingiza kutoka kwa Bodi, halafu wakala wa forodha apewe nakala, halafu shirika la ndege na nchi za kupitia, na mwisho kabisa duka. Wakala husema wateja wanaomwendea kabla ya kununua ni wachache mno, na hao ndio asiosikia habari zao tena.

Ya nini?

Sababu zinazotajwa Diani ni tatu: kunguru, nyani na mchezo.

Kunguru ndiye huanza. Kunguru wa nyumbani mwenye asili ya Bara Hindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, na Mombasa alionekana mwaka 1947. Leo amejaa pwani nzima. Huiba chakula mezani hotelini, hula mayai na makinda ya ndege wa asili, hudonoa vifaranga vya kuku. Juni 2024, Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza nia ya kuangamiza kunguru milioni moja. Mwenye nyumba hushika tangazo hilo kwa mikono miwili: serikali yenyewe inataka wafe, yeye anajitolea bure.

Mhifadhi humpunguza kasi. Mpango wa serikali ulitegemea sumu maalumu iitwayo Starlicide, kwa leseni na usimamizi, na si kwa bahati mbaya. Kunguru ni ndege anayejifunza. Akipigwa mmoja, wenzake hupiga kelele, huhama mti, na siku ya pili humtambua mtu na fimbo yake kabla hajaiinua. Mpigaji hodari ataua wachache wiki ya kwanza, kisha atakuwa akipiga makuti. Katika bustani za Diani, ambako nyumba zimepakana na hoteli na ufuko una watu tangu alfajiri, risasi iliyokosa kunguru haijapotea; imekwenda kwa jirani. Tangazo la KWS, zaidi ya hayo, halikumpa mtu binafsi ruhusa ya kufyatua chochote.

Nyani ni habari nyingine, na hapa mkulima ndiye mwenye neno. Anatoka bara kidogo ya Msambweni, upande wa Kikoneni, ana mahindi, mihogo na mikorosho. "Kijana wangu," humwambia mhifadhi, "wewe wamwona mbega juu ya mti ukapiga picha. Mimi nawaona nyani arobaini ndani ya shamba, na mjukuu wangu hajaenda shule kwa kuwa ndiye mlinzi. Nipe hiyo bunduki ya upepo tu, sitaki ya askari." Hasira yake si ya kudharauliwa, na mjadala wowote wa uhifadhi Kwale unaomwacha nje hauna maana.

Hata hivyo chombo anachokitaka hakimfai. Uwindaji wa mchezo ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imefanya kumwinda mnyamapori bila idhini kuwa kosa kubwa. Mnyama msumbufu ni kazi ya KWS. Zaidi ya sheria kuna chuma chenyewe. Nyani dume ana misuli na manyoya mazito. Risasi ya milimita 4.5 ya jouli saba haimwangushi, humjeruhi, na nyani aliyejeruhiwa ndani ya mahindi ni hatari kwa yule mjukuu kuliko nyani aliyeshiba. Bunduki yenye nguvu ya kumwangusha ni ile ya mtungi, ghali kuliko mavuno ya misimu kadhaa, na ndiyo Bodi itaitazama kwa makini zaidi.

Mbega hana hata kosa la kuiba mahindi. Mbega wa Angola aliyebaki Diani hula majani, na adui zake wakubwa ni magari, nyaya za umeme na kukatwa misitu. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani mwaka 1997, limemtundikia ngazi za kuvukia juu ya barabara ya ufukweni. Bustanini hukaa mti mmoja na kima na tumbili, na mpigaji anayemlenga tumbili jioni, mwanga ukiwa umepungua, hana hakika ya aliyempata. Katika misitu mitakatifu ya kaya, Kinondo ikiwemo, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, wazee hawaruhusu mnyama kuguswa, na hawakungoja sheria ya bunge kusema hivyo.

Mahoteli ya Diani yamelijua hili zamani. Huajiri vijana wenye manati, na mara nyingi kuinyanyua tu kunatosha. Tumbili akiuona mpira ukivutwa hushuka mezani mwenyewe. Manati haina kichwa 9304, haina mtungi, haina bodi. Kwa kazi ya kufukuza, tofauti yake na bunduki ya shilingi 40,000 ni ndogo sana.

Mchezo ndio sababu iliyobaki, na ndiyo yenye nguvu zaidi. Ulengaji wa mita 10 kwa bunduki ya upepo umo katika Olimpiki tangu Los Angeles 1984, na wa bastola tangu Seoul 1988. Risasi ni ya milimita 4.5, na kwa bunduki ndefu alama ya kumi ni nukta yenye upana wa nusu milimita. Hauhitaji eneo kubwa. Ukumbi wa shule wenye ukuta imara na kizuizi cha risasi hutosha. Mlenga shabaha hulalamika kwamba Kwale haina hata ukumbi mmoja wa namna hiyo, na kijana wa Ukunda mwenye jicho zuri hana pa kuanzia. Kwake yeye, bunduki inaingia kwa jina la klabu, inahifadhiwa katika kasha la chuma la klabu, na inajulikana nambari yake. Polisi mstaafu, aliyekuwa akipinga muda wote, hapo hana neno isipokuwa moja: ufunguo wa kasha uwe kwa nani. Ni swali la haki, na klabu isiyolijibu kwa maandishi haifai kupewa kibali.

Kutoka Moi hadi Msambweni

Bunduki iliyokwisha kupitishwa bado ina safari. Kwa barabara, hupita kivuko cha Likoni, ambako abiria na mizigo hukaguliwa, au barabara mpya ya Dongo Kundu inayokwepa kivuko. Cheti na stakabadhi za forodha husafiri pamoja nayo, si nyumbani katika droo. Anayetua Nairobi na kuunganisha hadi uwanja mdogo wa Ukunda huanza upya: ndege ndogo za safari hukubali kilo 15 tu katika begi laini, nalo sanduku gumu la bunduki yenye urefu wa zaidi ya mita moja si laini wala halina kilo 15 likiwa na kufuli na pampu. Ndege kubwa zaidi za njia hiyo zinaweza kulibeba, kwa idhini ile ile ya mapema.

Ikiwa kibali hakipo na bunduki imeshafika, hutangazwa na kuachwa chini ya ulinzi huku mwenyewe akipewa hati ya kuzuiliwa. Mzigo usiotolewa tamko la forodha ndani ya siku 21 huhamishiwa ghala la forodha. Kilichobaki kwa mwenyewe ni kuomba kibali akiwa amechelewa, kuirudisha ilikotoka kwa gharama yake, ikiwa shirika la ndege litakubali kuibeba tena, au kuisalimisha kwa serikali kwa maandishi. Kopo la risasi zake nalo huhitaji uamuzi wake lenyewe, kwa kuwa liko katika kichwa kingine cha Sura ile ile.